Alama Nyeupe kwenye Nati

Nzuguni, Dodoma

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linakusumbua bado? Na alizeti, ndege wamekuachia kidogo? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Siku ile uliponipigia ukasema, "Mwanangu, usije ukawa mzembe kama Saidi, nawe ukafukuzwa," nilijibu, "Sawa, mama." Aibu iliyonishika hapo haijaniachia. Nimejaribu kukwambia kwenye simu mara tatu, nikaishia kuuliza habari za mbuzi.

Hapa kiwandani tunaunganisha magari, kwa ubia wa wageni na Watanzania. Kila fundi akishakaza nati za tairi anazichora kwa kalamu ya rangi yake, ijulikane nani kakaza. Yangu njano, ya Saidi nyeupe. Ijumaa ile yangu ilikauka, nikaazima yake. Nilikuwa na haraka ya kuwahi msikitini. Nati nilikuwa nimezishikiza kwa mkono tu, nikazichora hivyo hivyo, nikajiambia nitakaza nikirudi. Nikapata hadi safu ya mbele, mama. Niliporudi nikasahau.

Gari lilipojaribiwa uwanjani, tairi likachomoka likagonga ukuta. Alhamdulillahi, dereva hakuumia. Meneja akainama, akaona rangi nyeupe, akauliza ni ya nani. Saidi akanitazama. Alingoja niseme. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Kalamu ni yangu, bosi," akasema.

Akafukuzwa siku hiyo hiyo. Nilimsaidia kubeba begi mpaka stendi, na njia nzima hakunigusia neno. Bora angenitukana.

Nasikia huko wanamcheka, na kwao Halima wameirudisha posa yake. Uzembe huo ni wangu, mama, na woga ni wangu. Jumatatu, kabla ya kuvaa ovaroli, naingia kwa meneja nimweleze. Akinifukuza nitakuja tuvune pamoja, na akiuliza mtu nimerudi kwa nini, mwambie ukweli.

Nisalimie kaka mkubwa na shemeji, na bibi mzaa baba, mwambie dawa ya kifua nitamletea. Nenda na kwa mama yake Saidi. Mimi sina uso wa kumtumia salamu.

Najua macho yako hayaoni tena maandishi, na ulisema Saidi ndiye anayepita jioni kukusomea. Basi Saidi, ndugu yangu, nakujua ulivyo. Kama kuna mstari umeuruka ili kunistiri, rudi juu umsomee mama wote.

Mwanao,
Issa