Baba wa Akai kwenye Cheti

Jumatano, Lodwar. Vumbi tangu asubuhi, na nimefura kwa hasira hata chai imenishinda.

Binti yangu Akai ana miaka kumi na minne na anawashinda mbio wavulana wa darasa lake. Mwezi ujao shule yao inakwenda Uganda kwa mashindano. Ili mtoto avuke mpaka bila wazazi, wanataka idhini ya mama na baba, wote wawili. Juzi nikapeleka cheti chake cha kuzaliwa kwa afisa wa uhamiaji.

Akakisoma, akaniangalia, akakisoma tena.

"Madam, hii inasema baba ya mtoto ni baba yako."

Foleni nzima nyuma yangu ikasikia. Nilitamani ardhi inimeze.

Ni kweli, ndivyo kilivyoandikwa. Ewoi, aliyenipa mimba, hakutoa mahari, hata mbuzi mmoja. Kwetu Waturkana mtoto wa namna hiyo ni wa boma la babu yake. Akai alipozaliwa, karani aliuliza jina la baba, na mzee wangu akajitaja mwenyewe, Lomuria. Hakudanganya. Alimlea Akai mpaka alipofariki mwaka jana. Nilimweleza afisa yote hayo. Akasema hayo ni mambo ya kijijini, cheti kirekebishwe, kisha baba mzazi aje atie sahihi.

Naielewa sheria. Watoto wanaibwa, na sisi wa huku karibu na mpaka tunajua. Lakini Akai alipovunjika mkono, hakuna aliyeuliza Ewoi yuko wapi.

Jana nikaenda Kakuma kumtafuta. Nikamkuta ameketi dukani kwake, amenawiri.

"Ejok, Mama Akai," akanisalimia, kana kwamba tuliagana juzi tu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Nitasaini. Mtoto ni yangu, jina yangu iandikwe. Na siku ng'ombe za mahari yake zitakuja, zikuje kwangu."

Mtoto anataka kukimbia. Yeye ameshamwoza.

Nilitaka kumtemea mate. Nikameza, nikapanda basi la kurudi Lodwar.

Leo nimemwambia Akai. Akasema, "Si ni jina tu, Mama. Mimi nataka kukimbia." Nikamfokea mtoto asiye na kosa, halafu nikaenda jikoni nikalia. Nalia kwa sababu yuko sawa, na kwa sababu mzee wangu hayupo wa kumkasirikia Ewoi pamoja nami.

Kesho narudi Kakuma. Ewoi atatia sahihi na Akai ataenda Uganda. Hao ng'ombe awasubiri mpaka achoke.

Ila kuna jambo moja linanikera hata sasa ninapoandika. Amekuwa Akai Lomuria tangu azaliwe. Siku hiyo uwanjani, mtangazaji akiita "Akai Ewoi", mtoto wangu atajua ni yeye anayeitwa?