Harufu ya Makayabo

Mujukuu wangu Neema,

Mu mwaka wa sabini na sita nilipoteza trimestre nzima ya masomo, miezi tatu, na ingali inaniuma. Siye huku Bunia tuko wazima, dada yako amezaa.

Unauliza kama uache masomo sababu wanakucheka. Mimi niliacha. Mama aliuzisha makayabo, samaki ya chumvi, ku soko ya Mudzipela, na Josefu wa darasa letu aliniita Samaki. Jirani yetu wa soko, Mama Ngave, akaita wanafunzi wakitoka masomo, akatukalisha wote ku meza yake tufanye devoir, kazi tuliyopewa na mwalimu.

"Huyu ananuka," Josefu akasema.

"Na weye jana ulikula nini?" Mama Ngave akamuuliza.

"Makayabo."

Tukacheka, hata yeye. Kesho yake wamama wengine wa soko wakatuletea viti, nami nikarudia shuleni.

Niandikie mbele ya Pasaka: huko Kisangani, kisha masomo, unaweza kukaa ku meza ya mama gani? Nataka jina.

Koko wako