Shamba la Mama Ndani ya Kontena

Bariadi,
15 Juni 2025

Kwako dada yangu Felisita,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Bariadi. Natumaini hapo Lamadi mnaamka salama, wewe, shemeji Athanasi na watoto, na kwamba dagaa wenu wanakauka vizuri. Mimi afya ninayo. Nina hasira tu, dada, hasira ya kunikosesha hata hamu ya kula. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na nikikatizwa leo sitamaliza.

Unajua baba mdogo Luhaga amempeleka mama kwenye baraza la ardhi la kata. Anadai shamba la pamba la Kimali ni la ukoo, eti marehemu baba alimwazima tu mama mahali pa kulima. Mtu amekula ugali wa mama miaka thelathini, na kaburi la kaka yake halijaota hata majani, anataka kumfukuza. Baraza linaketi Alhamisi. Mwenyekiti alimtaka mama alete uthibitisho kwamba shamba lilipimwa kwa jina lake baba akiwa hai. Mama akajibu kwa maringo kwamba uthibitisho upo kwenye kompyuta ya ofisi ya mwanawe.

Na kweli ulikuwepo. Ofisi yetu ilipewa kazi ya kutunza rejesta ya mashamba ya chama cha wakulima. Karani wetu Jenipha alizunguka kwa miguu, Lagangabilili hadi Bukundi, akipima na kuandika kwenye madaftari jina la mkulima, mipaka na sahihi za majirani. Kimali alimkuta baba mwenyewe shambani, naye baba akamwambia aandike Mektilda, shamba ni la mke wake. Kisha Jenipha akaja kuyaingiza yote kwenye kanzidata, yaani majedwali ya kwenye kompyuta, jina la mtu likiunganishwa na shamba lake kwa namba.

Siku ya uzinduzi wa rejesta hiyo ya kompyuta, bosi wetu Keneth alitaka kuwaonyesha wageni kwamba ofisi ni ya kisasa. Akaamuru madaftari yale yachomwe nyuma ya ofisi, mbele ya watu, akisema zama za karatasi zimekwisha. Jenipha aliomba yahifadhiwe hata kwenye boksi. Akaambiwa anarudisha watu nyuma. Wageni walipiga makofi, na mimi pia nilipiga.

Sasa nikueleze kidogo kazi yenyewe. Siku hizi programu huwekwa ndani ya kitu kinachoitwa kontena, na msimamizi wa makontena hayo ni mtambo unaoitwa Kubernetes. Kontena moja likisumbua, au seva, yaani kompyuta kubwa inayolibeba, ikizimwa, mtambo unalitupa na kusimamisha jipya mahali pengine, haraka sana. Kwa programu isiyotunza kitu hakuna shida. Lakini kanzidata inatunza, kwa hiyo lazima ipewe diski ya kudumu nje ya kontena. Bila diski hiyo ni sawa na kuweka mpunga wa mwaka mzima kwenye kibanda cha kulindia ndege. Kibanda kikibomolewa, mpunga umekwenda.

Wiki tatu zilizopita Keneth aliagiza seva ya zamani izimwe, tuhamie mpya. Ikazimwa. Kubernetes ikasimamisha kontena jipya kama ilivyoagizwa, taa zote zikawa kijani, nasi tukafungua rejesta tukakuta majedwali matupu. Wakulima elfu nne na mia mbili, hakuna hata mmoja.

Keneth akaitisha kikao. Akasema asubuhi ile aliyekuwa ndani ya mfumo ni Jenipha, basi Jenipha ndiye aliyefuta. Jenipha akajibu kwamba yeye kazi yake ni kuingiza majina, hata kitufe cha kufuta hakukabidhiwa. Keneth akamwambia asimjibu, akampa barua ya kuachishwa kazi palepale. Amemfukuza mtu asiyejua hata kontena linakaa wapi. Nimemchukia Keneth, dada, nimemchukia mpaka nikimwona anakunywa chai natoka nje.

Lakini kuna jambo nimekuwa nikilizunguka tangu mwanzo wa barua hii. Aliyeisimamisha kanzidata ile ni mimi. Maagizo yote niliyaandika kwa mkono wangu. Uzinduzi ulikuwa kesho yake, diski ya kudumu ilikuwa inanisumbua, nikaiacha nikisema nitairekebisha baadaye. Nakala za akiba za kila siku nazo nilizielekeza humohumo ndani ya kontena. Miezi mitano ikapita sikurudi kuangalia. Kwenye kikao kile nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni ya Jenipha, nikajua ndani ya dakika moja kilichotokea, na nikanyamaza. Hasira yote niliyompakia Keneth, nusu yake ni yangu.

Jenipha ndiye pekee aliyebaki anayeweza kusimama barazani na kusema alimsikia baba. Majirani wawili waliotia sahihi sasa wanalima kwa jembe la ng'ombe la baba mdogo, wamesahau kila kitu. Jana nilikwenda nyumbani kwa Jenipha nikamweleza ukweli wote. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama nimeshamwambia bosi. Nikasema bado. Akasema nikaseme kwanza, kwa maandishi, ndipo nirudi.

Leo asubuhi nimempelekea Keneth barua nyumbani kwake, nimerudi kwa Jenipha na nakala. Ameisoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni. Amesema Alhamisi atafika Kimali kwa nauli yake mwenyewe, atamsemea mama kila alichokisikia. Na amesema nikimwona pale, nisimsalimie.

Msalimie shemeji na watoto. Mama bado hajui, nitamweleza mwenyewe kabla baraza halijaketi, kwa hiyo tafadhali usimpigie. Kazi nadhani sina tena.

Ni mimi mdogo wako,
Marcelo