Bidon ya kifuniko ya bleu

Danielle, uko wapi? Shika simu.

Ni mimi Mélissa. Ni juu ya Lisette. Unajua kazi yake: anaokotaka mabidon, yale madumu ya plastiki yenye matajiri wa Kiriri wanatupa, anaziosha, anaziuzisha kwa wamama wa Buyenzi.

Leo asubui zamu, mulinzi wa villa moja, anamuuliza: "Ile bidon ya kifuniko ya bleu uliipeleka wapi? Patron wangu alikuwa anaweka ndani dawa ya kuua wadudu."

Ya kuua wadudu, Danielle. Na jana alikuwa ameisha kuiuzisha kwa Mama Rukiya, ule mwenye anauzishaka jus ya tangawizi.

Alishuka Kiriri mbio, kandambili mukononi, njia yote anasema: nimeua watu, nimeua watu.

Akamukuta Mama Rukiya ndiyo anaanza kuijaza. Akaipiga teke, jus yote chini. "We Lisette, uko muzima kweli?"

Akamuelezea. Hakuna mutu alikuwa amekunywa. Hata mumoja. Lisette akakaa chini, akacheka na machozi.

Mama Rukiya yeye hakucheka. Akamuangalia, akasema pole pole: "Lakini we, jana si ulikunywa?"

Unajua vile anafanyaka. Akiuzisha bidon, anatiaka maji ndani, anakunywa mbele ya mukiliya mwenye ananunua, ili aamini ni safi.

Alikuwa amesahau. Kabisa.

Sasa tuko hospitali. Anarudilia tu: "Niliiosha muzuri, Mélissa. Niliiosha na sabuni na muchanga."

Infirmière mwenye anamutunza amemuletea kikombe ya maji. Ameishika, anaiangalia tu. Hanywi.