Kwa Mariam

Shiro uko? Nimejificha jikoni kwa madam, hapa Aziziya.

Unamkumbuka yule Mkanada aliyefundisha watoto wa madam Kiingereza tukiwa Malaz, Riyadh? Yule wa kuandika mashairi kwenye daftari huku nikipiga pasi na kumsimulia mambo ya kwetu? Leo amekuja kututembelea huku Jeddah tulikohamia. Siku hizi ni mtu mkubwa, vitabu vinne vya mashairi, na riwaya imepata tuzo huko kwao.

Akawasomea wageni wa madam. Shiro, ile riwaya ni mimi! Mimi mzima! Mama akizikwa, nikisikiliza kwa simu nimejifungia bafuni. Hata ng'ombe wetu yumo.

Nikaleta kahawa. Akanikumbatia, machozi tele. "Bila wewe nisingeandika hiki kitabu." Haki nilijiona mtu.

Akafungua ukurasa wa kwanza anionyeshe. "Kwa Mariam."

Mariam!! Si unajua madam huita kila shagala, kila mfanyakazi wa ndani, Mariam, hataki kusumbuka na majina yetu. Lakini huyu? Miaka miwili nimempa uchungu wangu wote, na hajawahi kuniuliza jina?

Nikamwambia, "Mimi ni Chebet."

Madam akacheka. "Yalla Mariam, kahawa inapoa." Na Mkanada wangu? Akachukua tende.

Kitabu ninacho hapa, nimekipekua. Ng'ombe ameandikwa Malkia, vilevile tunavyomwita nyumbani.

Nimekumbuka, Shiro. Jina la ng'ombe aliniuliza.