Alitaka Kujua Nilivaa Nini

Shoga, hutaamini. Leo ndiyo nimerudi kwenye cherehani tangu nibakwe na yule jirani.

Mteja wangu wa kwanza ni nani? Mama mwenye nyumba!

Nampima kiuno, kanyanyua mikono kama anapekuliwa, mara ananinong'oneza: "Pole mwanangu. Lakini siku ile ulivaa nini?"

ULIVAA NINI! Futi ikanitoka mkononi.

Nikamwambia kwa sauti, mafundi wote wasikie: "Nilivaa gauni refu, mama, la mikono mirefu. Mshono huu huu uliouchagua."

Akashusha mikono.

Nikajua sasa ataomba radhi. Wapi! "Basi nibadilishie mshono."

Yaani mshono, shoga! Gauni ndilo lenye kesi. Yule jirani mpaka leo wanamwamkia shikamoo.