Mbuzi Niliyemkataza Kuiba

Mwanangu,

Salamu zangu zikufikie wewe na baba watoto wako. Hamjambo wote? Kifua chako kimepona, au bado unakunywa maji baridi kwa ubishi? Mimi mzima. Magoti ndiyo yananisumbua, mdomo haujawahi kuugua. Mwanao naye hajambo, ameanza kunenepa tangu nifike, maana nilimkuta anaishi kwa chai na mkate mkavu kama mlinzi wa zamu.

Utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ninayo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Hapa huna pa kuingilia. Soma mpaka mwisho, ukasirike baadaye.

Ulinituma nimrudishe mwanao nyumbani. Ulisema ameacha kazi ya maana, anashinda na kompyuta kutwa nzima, na ile nafasi ofisini kwa mjomba wake haitamsubiri. Nami nilikuja nimekaza uso. Hata mzigo sijatua nikamwambia afunge virago. Hakubisha. Aliniomba nimwache mpaka Ijumaa tu, kwa sababu kuna watu wanaochagua michezo ya kompyuta ili waiuze, na Ijumaa ndiyo mwisho wa kupokea video. Wakimkataa, atarudi mwenyewe bila kuvutwa sikio. Nikakubali. Ijumaa si mwaka.

Basi nikakaa nikaona anachofanya. Hachezi, mwanangu. Anautengeneza mchezo wenyewe, kuanzia mbuzi mpaka majani. Ni mchezo wa mbuzi aliyekata kamba. Unamwongoza kwa vibonye, anapita vichochoroni, anaruka kuta, anaingia kwenye bustani za watu kula mboga, mpaka amfikie mwenzake mlimani. Kompyuta inarekodi jinsi unavyocheza, na hiyo ndiyo video inayotumwa. Tatizo likawa yeye mwenyewe. Kila akicheza, mbuzi anapita moja kwa moja, hajikwai, hageuki, kama karani aliyechelewa kazini. Akirekodi anafuta, akirekodi anafuta. Akasema video haina uhai, anahitaji mtu asiyeujua mchezo, ashangae kwelikweli. Rafiki yake aliyeahidi kuja akaumwa jino. Nikamwambia asogee, nikae mimi.

Wee! Nilianza kwa kumpeleka mbuzi kwa mama mmoja anayeanika nguo, nikamsalimia yule mama. Hakuitikia. Nikamsalimia tena. Kimya. Nikamwambia anaringa nini na nguo zenyewe hazijatakata. Mwanao akanieleza kuwa yule ni picha tu, hana masikio. Nikamuuliza, aliyemtengeneza ni nani? Sasa alishindwaje kumtia adabu?

Tukafika bustanini. Akaniambia nibonyeze ili mbuzi ale kabichi. Nikakataa katakata. Kabichi za watu! Nikamgeuza, nikamrudisha mpaka kwenye nguzo alikokata kamba, nikamwamuru atulie hapo mpaka mwenyewe aje. Mwanao akashika kichwa. Kumbe katika kutengeneza kwake kote hajawahi kufikiria kuwa mchezaji anaweza kukataa kuiba. Mbuzi akabaki pale anatikisa mkia, hana la kufanya, nami namsuta. Mwisho nikamwonea huruma nikampitisha, ila kwa kila kabichi nilimwomba radhi mwenye bustani.

Sasa, mwanao alikuwa amewasha kipaza sauti ili akijaribu, akasahau kukizima. Kila neno langu limo. Alipoitazama ile video alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nikamwambia anitoe humo haraka. Akanibembeleza aitume hivyo hivyo. Nikamwonya kuwa anajiharibia, watu wakubwa hawataki kusikia kikongwe anagombana na mbuzi. Akasema hiyo ndiyo video ya kwanza ambayo yeye mwenyewe angetaka kuitazama mara mbili. Akaituma.

Jana wamejibu. Mchezo wameuchukua, na watamlipa aumalize. Wameuliza pia kama yule bibi mkali anaweza kubaki ndani. Nimewaambia nitafikiria.

Umefurahi? Ngoja kwanza. Lililonikalisha na kalamu ni hili.

Mle bustanini kuna mama anayetoka mbio na ufagio kumfukuza mbuzi. Nilipomwona tu nikapiga kelele kuwa huyu ni mwanangu mtupu, keshainua ufagio kabla hajauliza mtoto anatafuta nini. Laiti ningeishia hapo. Nikaendelea kusema kuwa wewe humwogopei mwanao njaa, unaogopa majirani watasema nini, na kwamba tangu alipoondoka hujamuuliza hata mara moja kama analala vizuri. Mwanao alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilipogeuka nikamkuta anatazama dirishani, anapangusa macho. Wakati huo hakuwa anacheka.

Maneno hayo yamo kwenye video. Watu wasiokujua wameyasikia, na wewe utayasikia ukiitazama. Sikuombi radhi kwa kuyasema, kwa sababu niliyamaanisha. Nakuomba radhi kwa sababu nilitakiwa kukuambia wewe, uso kwa uso, nikaenda kumwambia mbuzi.

Kwa hiyo simrudishi. Mjomba wake atafute mtu mwingine. Wewe mpigie mwanao. Jina lako likitokea kwenye simu huwa haipokei papo hapo, anaiacha iite, anavuta pumzi, anajiweka sawa kama anayeingia kwa mwalimu mkuu. Nimemwona kwa macho yangu, na nimeumia. Mpigie, muulize mchezo wake unachezwaje, halafu ufunge mdomo usikilize.

Wasalimie wanaoniulizia. Wasioniulizia waache walivyo. Baba watoto wako mwambie nitachelewa kurudi.

Ni mimi,
Mama yako, niliyekuzaa na nisiyekuogopa